Wazimu wa Hamlet: Ulikuwa wa Kweli au wa Kujisingizia?

Jumamosi iliyopita palizuka barazani kwangu mabishano makubwa hata chai iliyoandaliwa ikapoa bila ya kunywewa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye anakaa nasi na kusoma kidato cha tano, alikuwa ameagizwa na mwalimu wake aandike insha juu ya Hamlet, mchezo wa kuigiza wa Mwingereza William Shakespeare. Swali lilikuwa fupi: je, wazimu wa Hamlet ulikuwa wa kweli, au alijisingizia? Msichana alinijia mimi kwa kuwa anajua nina cheti cha ualimu, ingawa siku hizi kazi yangu ni ya mafaili ofisini, naye hudhani kwamba mwenye cheti hicho anajua kila kitu. Nami, kwa vile sikupenda kuivunja heshima hiyo, nikamjibu upesi: "Alijisingizia." Kumbe jirani yetu, sajini mstaafu wa polisi ambaye hupita kwetu kila jioni kusikiliza habari za redio, alikuwa na lake la kusema, na mke wangu naye alikuwa na lake.

Kwa faida ya wale ambao hawajausoma mchezo huo, nausimulia kwa ufupi. Hamlet ni mwana wa mfalme wa Denmark. Mchezo hauanzi na yeye, bali unaanza na jambo ambalo wasomaji wengi wa gazeti hili wanalijua kuliko maprofesa: zamu ya ulinzi usiku wa manane, baridi kali, askari mmoja anakuja kumpokea mwenzake, na kila mmoja anamshuku aliye gizani mpaka ajitaje. Askari hao ndio wa kwanza kuuona mzuka wa marehemu mfalme ukitembea juu ya ngome. Hamlet anaitwa, naye anaambiwa na mzuka kwamba baba yake hakuumwa na nyoka kama ilivyotangazwa, bali alitiwa sumu sikioni alipokuwa amelala bustanini. Aliyemtia sumu ni Claudius, ndugu yake mwenyewe, ambaye sasa amekalia kiti cha enzi na amekwisha kumwoa mjane kabla ya miezi miwili kupita. Hamlet anatakiwa alipe kisasi. Papo hapo anawaapisha rafiki yake Horatio na askari aitwaye Marcellus wasifumbue kinywa, hata kama siku za mbele watamwona akijitia wazimu.

Hapo ndipo sajini alipodakia. "Mwalimu," alisema, "mimi nimeandika maelezo ya watuhumiwa kwa miaka mingi. Mtu akitangulia kuwaambia mashahidi wawili kwamba atajitia wazimu, kisha baadaye akaua, hapo hakuna kesi ya wazimu. Hapo kuna kusudi."

Na kweli Hamlet aliua. Akiwa chumbani kwa mama yake alisikia sauti nyuma ya pazia, akachoma upanga bila ya kutazama, akamuua mzee Polonius, mshauri wa mfalme na baba wa msichana aliyempenda. Sajini aliuliza saa, mahali na waliokuwapo, kana kwamba anafungua jalada. Shemeji yangu alikuwa akicheka, lakini niliona anaandika.

Sasa tutazame ushahidi. Upande wa kujisingizia una nguvu. Hamlet anapokuwa peke yake hasemi maneno ya mtu aliyerukwa na akili. Anawaza kwa taratibu, anajilaumu, anapima kifo na uhai kama mtu apimaye uzito wa mizigo miwili. Anapozungumza na Horatio, maneno yake yamenyooka. Waigizaji wanapofika kasri, anawafundisha namna ya kutamka na kutotapatapa mikono, na mafunzo yake ni mema hata leo yangewafaa baadhi ya waigizaji wetu. Lakini akija Polonius, au wale rafiki wawili waliotumwa wampeleleze, ghafula maneno yanavurugika. Mwenda wazimu wa kweli hachagui wa kumfanyia wazimu. Polonius mwenyewe, mzee mwenye maneno mengi, aling'amua kwamba katika upuuzi ule mlikuwa na utaratibu. Na Claudius, aliyejificha akasikiliza, alitoka akisema kwamba yale hayakufanana na wazimu. Tangu saa ile akapanga kumpeleka kijana huyo Uingereza.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitia mashaka juu ya jibu langu la upesi. Ikiwa Hamlet alijitia wazimu ili ajifiche, mbona wazimu huo ndio uliomfichua? Hadithi hii si ya Shakespeare tangu asili. Iliandikwa kwa Kilatini na Saxo Grammaticus, mwandishi wa tarehe ya Denmark, yapata mwaka 1200. Katika hadithi ile ya kale, mwuaji anajulikana na watu wote, na kijana Amleth anajifanya punguani kwa sababu iliyo wazi: angeonekana ana akili, ami yake angemuua kesho yake. Kujisingizia kule kulikuwa ngao. Shakespeare, alipouandika mchezo wake yapata mwaka 1600, aliyageuza mambo. Kwake mauaji ni siri. Hakuna anayemshuku Hamlet kuwa anajua lolote. Kama angekaa kimya, akala na kunywa na kuamkia watu vizuri, angekuwa salama kuliko alivyokuwa na zile soksi zake zilizoshuka na mavazi yasiyofungwa vifungo. Basi ngao ameitwaa ya nini mtu ambaye hajatupiwa mkuki?

Sajini alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Endelea."

Upande wa pili, wale wanaosema wazimu ulikuwa wa kweli, nao wana mashahidi. Mara ya kwanza mzuka ulionekana na askari wa zamu na Horatio pia. Lakini mara ya mwisho, chumbani kwa mama yake, Hamlet peke yake ndiye anayeuona. Mama anatazama palepale na haoni kitu ila hewa, naye anaamini kwamba mwanawe ameharibikiwa. Zaidi ya hayo, karibu na mwisho Hamlet anamwomba radhi Laertes, mwana wa Polonius, na utetezi wake ni kwamba aliyetenda dhambi ile si Hamlet, bali ni wazimu wa Hamlet. Ama anasema kweli, na basi wazimu ulikuwapo. Ama anamdanganya mtu ambaye amemwua baba yake, na hapo heshima yetu kwake inapungua. Wasomi wamebishana juu ya aya hiyo kwa muda mrefu. Mimi naona ni vigumu kumpenda Hamlet na wakati uleule kuamini kwamba katika saa yake ya mwisho alisema uwongo kwa yatima.

Kujitia wazimu si jambo la vitabu tu. Wale wanaosoma Biblia watakumbuka kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 21, jinsi Daudi, akimkimbia Sauli, alivyojitia wazimu mbele ya Akishi mfalme wa Gathi, akikwaruza milango na kuacha udelele utiririke ndevuni. Akishi aliwalaumu watumishi wake kwa kumletea mwehu mwingine, na Daudi akapata kutoroka. Wayunani wa kale nao walimsimulia Odysseus, mfalme wa Ithaka, aliyeitwa kwenda vitani Troya na hakutaka kwenda. Akafunga nira moja wanyama wasiolingana, akalima ufukoni na kupanda chumvi badala ya mbegu. Palamedes, mjumbe aliyekuja kumchukua, hakubishana naye. Alimtwaa mtoto mchanga wa Odysseus akamlaza mbele ya jembe. Mkulima akalikwepesha jembe, na kwa tendo hilo moja akaandikishwa jeshini. Sajini alikifurahia sana kisa hiki, akasema Palamedes angefaa kuwa mpelelezi.

Lakini jaribio la Palamedes lina hatari zake, na askari wanazijua. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, askari waliotetemeka, waliopoteza sauti au kuacha mahali pao pa ulinzi baada ya kupigwa mizinga mfululizo, wengi waliambiwa wanajisingizia. Baadhi yao walifungwa nguzoni na kupigwa risasi na wenzao wenyewe. Mwaka 2006 Serikali ya Uingereza iliwasamehe askari 306 waliouawa kwa njia hiyo kwa makosa ya utoro, woga na mengineyo. Wakati huo wajukuu wao walikwisha kuwa wazee. Leo waganga wanajua kwamba akili huumia vitani kama mguu uumiavyo, ila jeraha lake halifungwi bendeji.

Sheria nayo imejaribu kulipima jambo hili. Mwezi wa Januari 1843 mjini London mtu aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, karani wa Waziri Mkuu, na mahakama ikamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Watu walikasirika, na majaji wakatakiwa waeleze kanuni. Kanuni hiyo ilisafiri pamoja na bendera ya Uingereza hadi ikaingia katika sheria za nchi nyingi, yetu ikiwamo. Hata leo sheria ya Uganda inamhesabu kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vingine, na swali lake si kama mtu alivaa matambara au alisema upuuzi. Swali ni kama ugonjwa wa akili ulimzuia asijue anachokifanya, au asijue kwamba hakupaswa kukifanya. Na aonekanaye hivyo hafunguliwi mlango akaenda zake. Huzuiliwa, na wapo waliokaa kizuizini miaka mingi. Kwa hiyo yule adhaniaye kwamba wazimu ni njia ya mkato ya kukwepa jela, na aulize kwanza.

Kwa kipimo hicho, Hamlet angeshindwa kesi. Alijua anachoma upanga, na alijua kwamba kuua ni kosa. "Nilisema mimi," alisema sajini, akaegemea kiti.

Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele muda wote huo, aliinua kichwa. "Ninyi wanaume wawili," alisema, "mmekwisha kumpima huyo kijana kwa sheria na kwa Biblia. Na yule msichana je?"

Alimkusudia Ophelia, binti Polonius. Baba yake alimkataza kumpenda Hamlet, kisha akamtumia kama chambo ili mfalme asikilize nyuma ya pazia. Hamlet akamtukana. Kisha Hamlet huyohuyo akamuua baba yake, na maiti ikazikwa kwa siri bila ya heshima. Msichana akaanza kuzunguka kasri akiimba vipande vya nyimbo na kugawa maua, mwisho akaanguka mtoni akafa maji. Mke wangu alisema hivi: wazimu wa Hamlet umebishaniwa kwa miaka 400 na zaidi, wa Ophelia hajaubisha mtu yeyote. Yeye hakutangaza. Hakuwaapisha mashahidi. Hakuwa na Horatio wa kumweleza siri yake. Na kila aliyemwona akipita alisikitika, akaamuru apelekewe mtu wa kumfuata nyuma, basi. Nakiri kwamba nimeusoma mchezo huo mara tatu na sikuwahi kuuona hivyo. Shakespeare amewaweka wawili hao katika nyumba moja ili tutazame tofauti, nasi tukamtazama mmoja.

Lakini mbona twende mbali hadi Denmark, na kuna kisa cha nyumbani? Mwaka 1976 Francis Imbuga wa Kenya alichapisha mchezo wake Betrayal in the City, yaani Usaliti Mjini, ambao umesomwa mashuleni Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Nchi yenyewe inaitwa Kafira, na ukizipanga upya herufi hizo unapata Afrika. Mwanafunzi aitwaye Jusper Wendo amefiwa na ndugu yake, Adika, aliyepigwa risasi katika maandamano ya wanafunzi. Tangu hapo Jusper anazunguka katika joho jekundu akisema maneno ambayo wengine hawathubutu kuyasema. Askari wawili, Jere na Mulili, wanatumwa kuwazuia wazee waliofiwa wasitimize mila ya msiba kaburini. Mulili yu radhi. Jere moyo unamrudi, na kwa sababu hiyo anaishia gerezani. Nawaomba wasomaji walio kazini wamtazame vizuri huyo Jere. Mtunzi hakuwachora askari wote kwa rangi moja.

Je, Jusper ana wazimu? Amezongwa na msiba, hilo hapana shaka. Lakini fikiri ni akina nani wanaofaidika na jina la mwenda wazimu. Wakubwa wa Kafira wanafaidika, kwa kuwa neno la mwehu halijibiwi. Wazazi nao yamkini wanafaidika, kwa kuwa kijana mwehu huachwa hai pale ambapo kijana mwenye akili angefuata njia ya ndugu yake. Na Jusper mwenyewe anafaidika, kwa kuwa mdomo wake unapata ruhusa. Watu watatu wamelikubali jina moja kwa sababu tatu mbalimbali. Mwishowe, kama Hamlet alivyotumia waigizaji kumnasa Claudius, Jusper anaandika mchezo wa kumtumbuiza mgeni wa taifa, wafungwa wanaigiza, bunduki zinageuka kuwa za kweli mbele ya Mkubwa mwenyewe, na Mulili, ambaye amemkana mlezi wake kwa dakika moja, anapigwa risasi na yule aliyeitwa kichaa. Mpango kama huo haupangwi na kichwa kilichovurugika. Hata hivyo mkono uliofyatua risasi ile sidhani ulikuwa mkono wa mtu mwenye afya.

Mchezo huo wa Imbuga ulikuwa miongoni mwa michezo ambayo Kenya iliipeleka Lagos katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi mwaka 1977. Na katika tamasha lilelile Uganda ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa Kiganda wa Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza Jumba letu la Taifa la Michezo hapa Kampala. Yeye alijificha nyuma ya jina la jogoo, kama mwingine ajifichavyo nyuma ya wazimu. Claudius wa hapa kwetu hakuchelewa kuelewa. Kawadwa alirejea nyumbani, na mwaka huohuo akauawa.

Wazee wanaoukumbuka utawala ule wa Idi Amin watakumbuka pia kwamba swali la shemeji yangu liliulizwa juu ya Amin mwenyewe. Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na askari huko Tororo, alitangaza kwamba Waasia watafukuzwa, akasimulia kuwa jambo hilo alilipata ndotoni. Wageni walicheka simu zake na vyeo alivyojivika, wakabishana magazetini kama ni kichaa au ni mjanja anayejifanya mpumbavu. Mabishano hayo yaliwafaa wao. Kwa mtu aliyepewa siku 90 afunge mizigo, au mke aliyengoja mume atoke kazini na asitoke, ndoto ile iwe ya kweli au ya kubuniwa, mlango uligongwa kwa namna moja.

Nilitaka kuishia hapo, lakini shemeji yangu aliniuliza, "Basi, Shemeji, jibu lako ni lipi?" Nikalazimika kumsimulia kisa ambacho sikuwahi kukisimulia nyumbani.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, katika mwaka wa pili, tulikuwa na mwenzetu hodari wa hesabu. Majuma machache kabla ya kwenda kufundisha kwa majaribio, alianza kuamka usiku na kupanga viatu vyetu vyote mstari mmoja nje ya bweni, akiviita majina kama mahudhurio darasani. Sote tulisema anajisingizia ili akwepe majaribio. Mwalimu mmoja alisema hivyo pia, na kauli yake ikawa ruhusa kwetu. Tukampima kama Palamedes. Tulimmwagia maji akiwa amelala. Tulimfichia shuka. Alipocheka tulisema, "Mnaona, anacheka". Alipolia tulisema anaigiza vizuri. Nami nilikuwamo, na si nyuma. Alirudishwa kwao kabla ya muhula kwisha, na baadaye nilisikia kwamba alikaa miezi kadhaa Butabika, hospitali ile iliyofunguliwa mwaka 1955 karibu na ziwa.

Miaka mingi ikapita. Siku moja nilikutana naye katika kituo cha magari, amevaa vizuri, anakwenda kwao na miche ya kahawa ndani ya boksi. Alinitambua kabla sijamtambua. Tuliamkiana, tukaulizana habari za watoto. Nilitafuta maneno ya kuomba radhi nisiyapate, naye akanionea huruma akanitangulia. Alisema, "Mwanzo nilikuwa ninaigiza kweli. Kichwani mlikuwa na kelele, nikaona afadhali mnione ninafanya mzaha kuliko mjue. Halafu siku moja nikataka kuacha, nikaona siwezi." Kisha gari lake likaita abiria, akapanda.

Ndiyo maana nilimwambia shemeji yangu aandike kwamba Hamlet alianza kwa kujisingizia, lakini alijisingizia kitu ambacho tayari kilikuwa kimemwingia, na kwamba mipaka baina ya viwili hivyo hata yeye hakuwa akiijua alipokuwa akimwomba radhi Laertes. Sijui kama mwalimu wake atalikubali jibu hilo. Walimu wengi wanapenda jibu moja.

Sajini hakunijibu. Alimgeukia msichana akamwuliza kama uchunguzi wowote ulifanywa juu ya kifo cha yule binti wa mtoni. Shemeji yangu alifungua ukurasa, akamwonyesha kwamba uchunguzi ulifanywa, ukatoa ruhusa azikwe kwa taratibu za kanisa, na kwamba wachimba kaburi wawili wanausema vibaya uamuzi huo huku wakichimba. Mzee aliinama akasoma taratibu kwa kidole, miwani puani, mpaka habari za redio zikapita bila ya yeye kuzisikiliza. Mke wangu akaipasha chai moto upya.